Mtoto wa paka kwenye safari ya Desemba: kasha kwanza, gari baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Desemba inakaribia, na kama ilivyo kila mwaka, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha itajaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kula Krismasi. Ndani ya magari hayo wamo pia paka, wengi wao wadogo wa miezi miwili, mitatu au minne. Baadhi wanapelekwa kwa bibi wakakamate panya, na wengine wanafuatana na familia kwa sababu nyumba inabaki haina mtu. Wanawekwa kwenye kiroba kilichotobolewa, kwenye tenga la kuku, kwenye boksi la katoni lililofungwa kwa selotepu, au wanaachiwa wazurure garini. Ombi letu ni moja: mtoto wa paka asipandishwe gari kabla hajapata kasha lake gumu, na kabla hajalizoea.

Tuanze na huyo anayeachiwa azurure, maana wengi hudhani ndio wanamtendea wema. Paka akiogopa hatafuti kupakatwa, anatafuta mahali pembamba penye giza. Ndani ya gari mahali hapo ni chini ya siti au chini ya miguu ya dereva. Paka wa kilo moja anaenea vizuri nyuma ya kanyagio la breki, na dereva akikanyaga, breki haifiki inapotakiwa kufika. Chini ya siti kuna reli na springi, mtu akisogeza siti nyuma bila kuangalia anamvunja mguu. Halafu kuna madirisha. Chalinze, Msata, Segera na Korogwe wachuuzi huja mpaka mlangoni, kioo kinashushwa ili machungwa yapite, na paka anatoka palepale. Paka aliyepotelea mahali asipopajua haji hata akiitwa na mtu anayempenda. Hujibana kimya mtaroni au chini ya kibanda mpaka usiku, na wakati huo gari limeshafika Same.

Kumpakata mapajani hakusaidii pia. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilo moja iliyomo ndani husukumwa mbele kwa nguvu ya karibu kilo 20. Hakuna mikono inayozuia hilo, sembuse ya mtoto wa miaka saba. Siti ya mbele ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu ya mfuko wa hewa unaofumuka kutoka kwenye dashibodi.

Kasha linalofaa ni la plastiki ngumu, lenye mlango wa waya mbele na sehemu ya juu inayofunguka. Urefu wa sentimita 45 hadi 50, upana na kimo cha sentimita 30 hivi, vinatosha kuanzia utotoni mpaka atakapokuwa paka mzima wa kawaida. Awe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha kulala, basi. Kwa mtoto wa paka kasha hilo litakuwa na nafasi ya ziada, na nafasi ya ziada humfanya abingirike kwenye kila tuta, kwa hiyo viringisha taulo mbili uzibane kandokando. Kabla ya safari kagua klipu zinazoshikilia nusu mbili za kasha, kisha lizungushie kamba mara moja. Mpini wa juu hukatika, kwa hiyo kasha libebwe kwa kushikwa chini.

Asiyeweza kununua kasha anaweza kulitengeneza, na likifanywa vizuri linafaa. Chukua makapu mawili ya plastiki ya nguo yanayolingana, yenye matundu madogo yasiyozidi sentimita 2, uyafunike mdomo kwa mdomo na kuyabana kwa vibanio vya plastiki vya mafundi umeme, kila baada ya sentimita 10 kuzunguka ukingo wote. Upande mmoja acha vibanio vitatu ambavyo utavikata na kuvirudishia njiani. Beba vya akiba na mkasi. Tenga la kuku halifai kwa sababu mianya yake inapitisha kichwa cha mtoto wa paka lakini mabega yanakwama, na akivuta kwa hofu anajinyonga. Katoni hulainika kwa mkojo mapema sana, kucha zikamaliza kazi. Kiroba cha salfeti hupitisha hewa kidogo na joto hujaa ndani. Hata ukikitoboa, kitambaa hujikunja na kuziba matundu.

Chini ya kasha tandika plastiki, juu yake nepi ya mtoto iliyochanwa pembeni na kulazwa bapa, kisha taulo au kanga ambayo paka amekuwa akiilalia nyumbani. Isifuliwe. Harufu yake mwenyewe ndiyo kitu pekee cha nyumbani anachosafiri nacho. Andaa nepi na vitambaa vya kubadilisha mara tatu.

Sasa kazi ambayo wengi huiruka. Kasha linaloletwa asubuhi ya safari, paka akasukumwa ndani huku akipiga kelele, ni mtego, na atalichukia maisha yake yote. Liletwe siku saba hadi kumi kabla. Siku mbili za mwanzo liwekwe wazi sebuleni, mlango umeondolewa, na chakula chake kiwekwe mdomoni mwa kasha. Siku ya tatu na ya nne sahani isogezwe hadi ndani kabisa. Akianza kulala humo mwenyewe, rudisha mlango, ufunge kwa dakika moja akiwa anakula, kesho yake dakika tano. Kisha kasha liingizwe garini, injini ikiwa imezimwa, dakika kumi. Siku inayofuata injini iwashwe bila kuondoka. Halafu mzunguko mfupi wa mtaa, halafu safari ya dakika 15 au 20 hadi sokoni na kurudi. Baada ya kila hatua apewe kitu anachokipenda. Akilia sana au akitokwa mate, umekwenda haraka. Rudi hatua moja nyuma. Watoto wa paka hujifunza upesi kuliko wakubwa, na wiki hii moja huokoa miaka ya ugomvi kila anapotakiwa kupelekwa kwa daktari.

Mahali pa kasha garini ni sakafuni, nyuma ya siti ya abiria wa mbele, refu lake likiwa limekingamia gari. Siti ya mbele irudishwe nyuma taratibu mpaka ilibane kasha lisicheze. Hapo haliwezi kuruka, na jua la dirishani halilifikii. Kwenye IST na magari ya aina hiyo linaenea bila shida. Angalizo moja: Noah za zamani injini iko chini ya siti za mbele, na sakafu ya karibu nayo hupata moto. Endesha nusu saa, kisha weka kiganja sakafuni kwa dakika moja. Ukishindwa kukiacha hapo, kasha lihamie nyuma ya siti za safu ya kati. Kwenye buti lililofungwa asiwekwe kabisa, wala asitumwe peke yake kwenye buti la basi kama kifurushi. Humo kuna joto, vumbi na moshi wa eksozi, na hakuna atakayejua akizidiwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda hata mnyama aliye safarini.

Funika kasha kwa kanga nyepesi pande tatu, mlango ukiwa wazi kwa hewa. Giza humtuliza, na pia hupunguza kichefuchefu. Redio iwe chini. Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo yatolewe siku moja kabla, na dumu la mafuta lisiwe ndani ya gari.

Kuhusu chakula tuwe waangalifu, kwa sababu ushauri wa paka mkubwa haumfai mdogo. Mkubwa anaweza kukaa saa nyingi bila kula asitapike njiani. Mtoto wa paka akiba yake ya sukari mwilini ni ndogo, na akifungishwa muda mrefu anaishiwa nguvu, anatetemeka, anapepesuka na mwili unakuwa wa baridi. Anayeondoka saa 11 alfajiri ampe mlo wa kawaida saa 4 usiku, na mlo mdogo kabla ya mwenye gari kulala au akiamka usiku, mradi zibaki saa tatu hivi kabla ya kuondoka. Garini apewe kidogokidogo: kijiko kimoja cha nyama ya kuku au samaki aliyechemshwa bila chumvi, gari likiwa limesimamishwa na paka hatapiki. Dagaa wa chumvi humwongezea kiu. Maziwa ya ng'ombe tunayakataa kabisa siku ya safari, kwa kuwa paka akishaachishwa kunyonya uwezo wake wa kuvunja sukari ya maziwa hupungua, na matokeo yake ni kuhara ndani ya kasha. Maji apewe kila mnaposimama, vijiko viwili au vitatu vya chai, hata kama ni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kando ya shavu, tone kwa tone. Kifurushi cha glukosi ya unga kiwepo: akilegea, koroga kidogo kwenye maji na umpake matone kwenye fizi, kisha tafuta daktari wa mifugo.

Simameni kila baada ya saa mbili au tatu. Utaratibu usibadilike hata mara moja: gari liko kivulini na limezimwa, milango yote imefungwa, vioo vyote vimepandishwa, abiria wote wameambiwa wasifungue, ndipo kasha lifunguliwe. Beseni dogo lenye mchanga au maranda aliyoyazoea liwekwe sakafuni, dakika tano hadi kumi zinatosha. Wengi hawatajisaidia safari nzima, na hilo si ugonjwa kwa safari ya siku moja. Nje asitolewe. Akitakiwa kutolewa kwa dharura, avalishwe mkanda wa kifuani wenye kamba, uliobana kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu. Kamba ya shingoni humnyonga, au humponyoka kichwani akirudi nyuma.

Joto ndilo linaloua wengi. Siku ya nyuzi 29, gari lililoegeshwa juani hufika nyuzi 40 ndani kwa dakika kumi, na nyuzi 48 kwa nusu saa. Kuacha kioo wazi vidole viwili hakubadilishi sana. Kwa hiyo kama familia nzima inashuka kula, mmoja abaki na paka chini ya mti, milango ya gari ikiwa wazi na kasha likiwa limefungwa, au kasha liende mezani. Kutoka Korogwe hadi Same panachoma mchana, ndiyo sababu tunasisitiza kuondoka alfajiri. Mwenye kiyoyozi akiweke kwenye nyuzi 22 hadi 25, upepo usimwelekee paka. Asiye nacho agandishe chupa mbili za maji za nusu lita, azifunge kwa taulo na kuziegemeza nje ya ukuta mmoja wa kasha, ili paka asogee au ajitenge kadiri anavyotaka. Kitambaa chenye maji juu ya kasha husaidia upande wa Same ambako hewa ni kavu. Pwani ambako hewa imejaa unyevu, maji hayakauki na kitambaa hicho huziba hewa tu.

Paka anayehema kwa mdomo wazi ana shida. Kwa mbwa hiyo ni kawaida, kwa paka ni dalili ya joto kumzidi au hofu kubwa sana. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2, likipita 40 ni hatari. Fizi zikiwa nyekundu sana, mate yakimtoka, anayumba, simameni kivulini, mloweshe tumbo, nyayo na masikio kwa maji ya kawaida na kumpepea. Barafu isitumike, hubana mishipa ya ngozi na joto hubaki ndani. Mkishampunguzia, bado anahitaji daktari.

Kichefuchefu huanza kwa kulamba midomo, kumeza mara kwa mara, mate, na mlio wa chini usio wa kawaida. Kutapika na kuhara hufuata. Sababu ni sikio la ndani kuhisi mwendo ambao macho hayauoni, na kona za Mombo kupanda Lushoto au mlima Kitonga upande wa Iringa huwaumiza zaidi. Dereva ndiye dawa ya kwanza: punguza mwendo mapema kabla ya tuta, usikate kona kwa kasi, usifunge breki kwa ghafla. Kwa paka wa wiki 16 na kuendelea daktari wa mifugo anaweza kutoa maropitanti, dawa ya kuzuia kutapika, kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Mdogo kuliko hapo aamue daktari mwenyewe baada ya kumpima.

Hapa tunaomba wasomaji watusikilize vizuri. Dawa za binadamu zisimkaribie. Paka hana uwezo wa ini kuvunja parasetamoli kama sisi. Nusu kidonge cha miligramu 500 kinatosha kumuua mtoto wa paka: fizi hugeuka kahawia au bluu, uso huvimba, pumzi hukata. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ni sumu kwake. Dawa za usingizi za kukisia hushusha shinikizo la damu na kumwondolea uwezo wa kudhibiti joto la mwili, mambo mawili ambayo siku ya safari ni hatari kwake kuliko siku nyingine yoyote.

Kosa jingine ni kumwogesha kwa dawa ya mifugo au ya viroboto vya mbwa ili "aende msafi". Paka huharibika neva kwa permethrini, ambayo imo kwenye dawa nyingi za mbwa na za wadudu; hutetemeka, huanguka kifafa na kufa. Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe nayo haimfai. Gari lililopuliziwa dawa ya mbu lifunguliwe milango na kukaa siku nzima kabla hajaingia. Viroboto wa mtoto wa paka huondolewa kwa kitana chenye meno ya karibu na maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, kisha akaushwe kabisa, siku mbili kabla ya safari.

Chanjo haziwezi kufanywa jioni ya kuamkia safari. Chanjo ya magonjwa ya paka huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki ya 12, na kinga yake huhesabiwa baada ya siku 21. Aliye chini ya wiki 8 abaki na mama yake, hata kama bibi anamsubiri. Anayeharisha au asiyekula asisafiri. Wanaovuka mpaka Holili au Namanga wanahitaji cheti cha chanjo, cheti cha afya cha daktari wa mifugo na kibali cha nchi wanayoingia, vyote vikiombwa mapema. Wanaosafiri ndani ya nchi wamwone afisa mifugo wa kata na kubeba kadi ya chanjo. Paka aliyeogopa akimng'ata au kumkwaruza mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Mkifika, chumba kimoja kinamtosha: mlango umefungwa, kasha liko wazi kwenye kona, beseni la mchanga mbali na chakula, na mchanga kidogo uliotoka nyumbani uchanganywe na mpya. Wajukuu wasimzunguke siku ya kwanza. Kama mnakaa siku nne tu, asitoke nje kabisa. Kama anahamia huko moja kwa moja, akae ndani wiki mbili hadi tatu kabla ya kuona uwanja, la sivyo ataondoka akitafuta nyumba asiyoweza kuifikia. Ulizeni mapema kama nyumba imewekwa sumu ya panya, na mbwa wa pale wanafungwa saa ngapi. Kwa safari fupi ya siku nne hivi, kama kuna jirani mwaminifu wa kumwachia chakula na maji mara mbili kwa siku, tungemwacha nyumbani.

Asubuhi ya kurudi, huko Marangu, Rombo au Lushoto ambako usiku una baridi, gongeni boneti mara mbili tatu na mfungue mtazame kabla ya kuwasha injini. Watoto wa paka wa pale nyumbani huingia humo kufuata joto la gari lililofika jana.

Wasomaji wako,
Wafugaji wa paka,
Moshi.